Maporomoko ya Karura na watoto: panga kurudi kabla ya kwenda

Kwenda kuyaona maporomoko ya Msitu wa Karura, Nairobi, si kupanda mlima. Ni kilomita 5 hadi 7, kwenda na kurudi, kutegemea geti uliloingilia na njia uliyochagua. Mtoto wa miaka mitano aliyezoea kutembea hayamshindi. Tatizo liko kwingine: maji yako bondeni. Wakati wa kwenda njia huteremka na watoto hukimbia bila kusukumwa. Wakati wa kurudi inapanda, jua limekuwa kali, chupa zimebaki nusu na kitinda mimba ameshaanza kuuliza gari liko wapi. Wanaotoka msituni wamenuniana kwa kawaida hawakushindwa na njia. Nguvu zote waliziacha kule chini.

Kwa hiyo hesabu saa zako ukianzia mwisho. Watoto wa chini ya miaka minane hutembea kama kilomita 2 kwa saa, maana kila kipepeo ana kesi yake. Kilomita 6 ni saa tatu. Ongeza dakika 45 za kukaa kwenye maji na nusu saa ya kula, tayari umeshavuka saa nne. Ukiingia saa 2 asubuhi utatoka adhuhuri. Ukiingia saa 8 mchana utarudi unakimbizana na saa ya kufunga, na mtoto anayekimbizwa kwenye mwinuko hukaa chini katikati ya njia na hainuki.

Mvua nayo ina hesabu yake. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba hujaza mto, na maporomoko yenye kimo cha mita 15 hivi hunguruma kweli kweli. Januari, Februari na Agosti maji hupungua. Wakati mzuri kwa familia ni wiki moja au mbili baada ya mvua kukatika: mto bado una maji, na udongo mwekundu umeshakauka kiasi cha kutonasa viatu. Siku yenyewe ya mvua kubwa, ahirisha. Udongo ule ukilowa hushika soli tabaka juu ya tabaka mpaka mtoto anaburuta kilo nzima kila mguu.

Geti na malipo

Maporomoko yako kwenye sehemu kubwa ya katikati ya msitu, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, na kila upande una geti. Usiye na gari, matatu za Ruaka zinakupitisha Barabara ya Limuru na za Kiambu zinakupitisha upande wa pili. Mwambie kondakta mapema kuwa unashukia msituni. Kiingilio hulipwa kwa simu, si kwa noti. Viwango vya raia, wakazi na wageni vinatofautiana, kwa hiyo kila mtu mzima awe na kitambulisho. Angalia bei ya sasa kabla hujatoka nyumbani na uweke pesa kwenye simu, kwani foleni ya Jumapili asubuhi si mahali pa kutafuta wakala.

Tangu Juni 2020 chupa za maji za kutupwa, vikombe na sahani za plastiki haziruhusiwi katika misitu na mbuga za Kenya. Jaza maji kwenye chupa za kutumia tena: nusu lita kwa mtoto, lita moja kwa mtu mzima, na lita moja ya ziada ambayo haifunguliwi kabla ya kugeuka. Chakula kiwe cha kushika kwa mkono: mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa, nduma, ndizi. Weka kando kitu kimoja kitamu ambacho watoto hawajui kipo. Kazi yake tutaiona.

Raba zenye soli ya meno zinatosha, gambuti kama juzi ilinyesha. Sapatu ziache nyumbani. Suruali ndefu na soksi ndefu ni lazima, hata joto liwe vipi, kwa sababu ya siafu na thabai, yale majani yanayochoma ngozi. Kigari cha mtoto hupita vizuri kwenye barabara pana za murram lakini kitakwama kwenye ngazi za kuteremkia maji, kwa hiyo mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa leso.

Njiani

Njia panda za Karura zina nguzo zenye namba. Piga picha ya ramani getini, kisha mpe mtoto mkubwa kazi ya kuisoma namba kwa sauti kila mnapofika kwenye nguzo. Anapata cheo, nawe unajua mlipo. Wote wawe na kanuni moja: aliyepotea anarudi kwenye nguzo ya mwisho aliyoiona, anaikumbatia na kungoja. Ukilazimika kuita msaada, namba ya nguzo huwaleta walinzi haraka kuliko "tuko karibu na mti mkubwa".

Tembeeni upande wa kushoto, watoto wakiwa upande wa vichaka. Baiskeli huja kwa kasi kwenye kona, hasa wikendi. Kima hawana haja nawe ila na mfuko wako. Wakikaribia, funga zipu, usiwakenulie meno, na usiwarushie hata ganda, kwani aliyelishwa leo ndiye atakayempokonya mtoto wa mwenzako kesho. Mbega, wale weusi wenye mabega na mikia myeupe, hukaa juu mitini na hawashuki kuomba. Walihamishiwa hapa kutoka Kipipiri, Nyandarua. Mkiwaona, simameni kimya dakika mbili tatu mpaka mmoja aruke.

Siafu ndio wanaoharibu safari nyingi. Baada ya mvua huvuka njia kwa mstari mweusi unaong'aa, mwembamba kama kamba ya kiatu, na pembeni yake wametawanyika askari wenye vichwa vikubwa. Mtu mzima huuvuka mstari kwa hatua moja. Mtoto husimama juu yake autazame vizuri. Akianza kupiga mayowe, usimpanguse, kwani ukimpangusa mwili wa siafu hukatika na meno hubaki yamenasa. Mbebe mbio hatua 10 au 15 mbali na mstari ndipo umvue viatu, soksi na suruali, kwa sababu watakuwa wameshapanda hadi kwenye mapaja. Mshike kila siafu kichwani, si kiunoni, umvute. Kung'uta nguo ndani nje, pitisha kidole kwenye mishono yote, kisha mvishe. Siafu mmoja aliyebaki kwenye soksi atawarudisha palepale dakika tano mbele.

Kwenye maji

Ngazi za mwisho huteremka kando ya miamba na hubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Mtu mzima atangulie chini, watoto wamfuate mmoja mmoja, na mwingine afunge nyuma. Shuka ubavu ubavu, mguu wote ukikaa kwenye kipandio. Mawe yenye ngozi ya kijani ni utelezi mtupu. Jiwe kavu la kijivu ndilo la kukalia.

Watoto wataomba kuoga. Jibu ni hapana, na wapewe sababu: mto huu unapita kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni, na unabeba ya huko. Hata kunawa mikono kabla ya kula, tumia maji ya chupa. Waoneshe pia jinsi ya kuusoma mto. Chagua jiwe moja lililo nusu majini mnapofika, na litazame kila baada ya dakika chache. Likianza kuzama, au maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuleta vijiti na povu, mvua imenyesha juu huko hata kama kwenu kuna jua. Inukeni na mpande bila kumalizia picha.

Karibu na hapo yako mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau wa miaka ya 1950. Yanafaa kwa dakika 15. Watoto huyapenda kuliko maporomoko yenyewe, na bado ni njia ileile. Mapango ni ya kuangalia mlangoni mkiwa mmeshikana mikono. Ndani ni giza na sakafu hailingani.

Msile karibu na maji, ingawa ndipo kila mtu anapotaka kutandika leso. Mlo kamili kabla ya mwinuko humfanya mtoto awe mzito na mwenye usingizi. Kuleni ndizi hapo, basi. Chakula chenyewe kingoje mpaka mmalize kupanda na kufika tambarare, na msitandike chini ya mikaratusi, kwani matawi yake hukatika bila upepo wa maana. Na kile kitamu kilichofichwa? Kitoe katikati ya mwinuko, pale mdogo anapokaa chini, na umwambie kinaliwa kwenye nguzo inayofuata.

Mkifika nyumbani, kabla ya kuoga, wakagueni watoto nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena na nyuma ya magoti. Kupe aliyenasa hutolewa kwa kibano kilichobana karibu kabisa na ngozi, ukivuta taratibu na kunyoosha, bila kumpaka mafuta ya taa wala kumchoma. Osha kwa sabuni, kumbuka tarehe, na ikija homa ndani ya wiki mbili mwambie daktari kuhusu huyo kupe.