Nguo za kuvukia wakati mwili unapungua

Kama umeanza kupungua usikimbilie kujaza kabati, mimi nilinunua jinzi tatu kwa mpigo na baada ya miezi miwili moja ikaniteremka nashuka matatu, aibu wallahi. Nenda soko la Kongowea hapa Mombasa kwa mitumba, vaa taiti na vesti ndani maana hakuna pa kujaribia, unavaa juu kwa juu hapo hapo mbele ya muuzaji na wala hakuna anayekushangaa. Kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza, bei yake juu, wewe subiri fagia, yale mabaki ya bei ya chini, kwani nguo yenyewe utaivaa wiki ngapi? Chukua za lastiki au za kufunga kamba kiunoni, mbili tatu zatosha.

Dera nalo lisikudanganye, kwa joto hili la Mombasa ni raha lakini ukilivaa kila siku hujui kama umepungua au umeongezeka!

Ile suruali nzuri ya kazini mpelekee fundi, mwambie aingize mshono wa nyuma bila kukata kitambaa, huwezi jua. Sindiria nunua inayokukaa ukifunga kulabu ya nje kabisa, ukipungua unasogea ndani.