Kutaja Ratiba na Mipango ya Mbele kwa Kiingereza na Kireno

Wenzangu wa Mtwara wanaovuka Ruvuma kwenda Palma na Pemba ya Msumbiji kibiashara wameniuliza jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo ninaliandika hapa ili nisilirudie tena.

Hatua ya kwanza ni saa: saa moja asubuhi ni "seven o'clock" na "sete horas".

Hatua ya pili ni siku, nayo yataka utulivu. Kireno huhesabu siku kuanzia Jumapili, sisi huhesabu kuanzia Jumamosi. Ndiyo maana Jumatatu ni "segunda-feira", yaani ya pili, Jumanne ni "terça-feira", ya tatu, na Jumatano ni "quarta-feira", ya nne. Niliwahi kumwandikia mteja kwamba mzigo ungefika "na terça-feira" nikimaanisha Jumatatu, kwa kuwa nilisikia tatu nikaandika tatu; magunia ya vitunguu yakashushwa bila mpokeaji, yakanyeshewa usiku kucha, na mteja yule hakuniagiza tena. Msitafsiri namba iliyo ndani ya jina la siku, na kila mara andikeni tarehe kando yake.

Hatua ya tatu: ratiba ya chombo hutajwa kwa wakati uliopo, "The bus leaves at six", "O autocarro parte às seis".

Hatua ya nne: nia yako ni "I am going to travel", na kwa Kireno "Vou viajar", bila neno lolote katikati.

Swali: Mwalimu, kwa hiyo Alhamisi ni "quarta"?

Jibu: Hapana, "quarta" ni Jumatano. Tafadhali soma hatua ya pili kabla ya kuuliza.

Swali: Shikamoo mwalimu. "Nitakapofika nitakupigia" ina "ta" mara mbili. Je, niseme "When I will arrive"?

Jibu: Marahaba, umeuliza vyema. Kiingereza huondoa "will" baada ya "when": "When I arrive, I will call you". Kireno kina umbo maalumu la kitenzi kwa ajili ya hapo, "Quando eu chegar, ligo-te", ambalo kwa vitenzi vya kawaida hufanana na jina la kitenzi ("chegar", kufika), lakini "ir" (kwenda) hugeuka: "Quando eu for a Pemba". Na kuhusu Alhamisi, asili yake ni tano ya Kiarabu, ndiyo sababu inalingana sawasawa na "quinta-feira", ya tano.

Swali: Mbona nilifika saa mbili kamili kwa simu yangu na ofisi ilikuwa imefungwa?

Jibu: Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Ukiambiwa "às oito" kule, saa ambayo haijabadilishwa tangu Mtwara itakuwa inasoma saa tatu asubuhi.