Kufuatilia shauri la mtoto katika vijiji vya mbali, Tanga

Ukifika Kilindi au vijiji vya ndani vya Mkinga, ripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji, ila usimtajie jina la mtoto. Tembelea kaya tatu au nne. Ukiingia moja tu, jioni kijiji kizima kinajua.

Zungumza na mtoto mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, chini ya mwembe panafaa. Usimwulize jambo lilelile mara mbili: atadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, atalibadilisha.

Mtoto aliyebakwa asisubiri gari la kesho kwenda hospitali, hata kama wazee wanataka kwanza kikao cha suluhu. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Mtandao ukikamata, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.