Kukusanya na Kucheza Gemu za Zamani Mombasa: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayetaka kukusanya gemu za zamani akiwa Mombasa hukabiliwa na mambo mawili kabla hata hajafikiria majina ya gemu anazozipenda: hewa ya chumvi inayokula chuma polepole, na mashine ambazo nyingi zilitengenezwa kwa umeme na televisheni za nchi nyingine. Mkusanyiko wa pwani huharibiwa na mambo haya mawili kuliko unavyokwamishwa na uhaba wa gemu, na ndiyo sababu mwongozo huu utazungumzia adapta, pini na unyevu kwa marefu zaidi kuliko utakavyozungumzia kaseti adimu. Mkusanyiko ninaoutetea hapa ni ule unaowashwa na kuchezwa. Mashine iliyofungiwa kabatini miaka mingi huoza bila mwenyewe kujua, lakini ile inayochezwa kila mara huonyesha dosari yake ingali ndogo, na fundi huweza kuitibu.

Anza na mashine zilizofika hapa

Kosa la kwanza la wageni wa mambo haya ni kuagiza kutoka ng'ambo mashine walizozisoma kwenye mtandao, ilhali mashine zilizolea watoto wa mji huu zingali majumbani. Nintendo ilitoa mashine yake ya gemu, Famicom, nchini Japani mwaka 1983, na nakala zake nyingi zisizo rasmi zilizotengenezwa Asia ndizo zilizoenea katika nchi kama yetu, ambako watu walizijua kama TV gemu. Nakala hizo hupokea kaseti zenye pini 60, tofauti na NES, toleo la Marekani na Ulaya la mashine hiyohiyo, ambalo kaseti zake zina pini 72 na hazingii kabisa. Ukinunua kaseti, basi, hesabu pini au uliza ni ya mashine gani kabla ya kutoa pesa. Kaseti zinazodai kubeba gemu 9999 zinunuliwe kwa sababu ya kumbukumbu za utotoni, si kwa sababu ya idadi: ndani yake huwa na gemu chache zinazorudiwarudiwa, kila nakala ikianzia hatua tofauti. Hata hivyo, chache hizo mara nyingi ni zile bora, kama Super Mario Bros. ya 1985, na mtu anaweza kuzicheza kwa furaha maisha yake yote.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Inacheza pia diski nyingi za PlayStation ya kwanza ya 1994, kwa hiyo mashine moja inakupa vizazi viwili; pedi na nyaya zake bado zinapatikana; na mafundi wengi wa mjini wamekwisha kuifungua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikichezwa vibandani, ambako vijana walilipia kila mechi ya mpira. Mega Drive, Super Nintendo, Nintendo 64 na Game Boy hupatikana kwa nadra, na aghalabu zililetwa na jamaa waliorudi safarini. Ni mashine nzuri sana, lakini ziache mpaka umezoea kushika bisibisi.

Kuhusu mahali pa kutafuta, Soko la Kongowea linafaa kwa mwenye subira, kwani mitumba inayoshuka humo huwa na kila kitu, na kifaa cha gemu huweza kuwa chini ya rundo la remote na redio zilizokufa. Mafundi wa redio na televisheni wa mitaani nao huwa na mashine ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Lakini njia ninayoiamini zaidi ni kuuliza majumbani. Familia nyingi za Mji wa Kale, Kibokoni na Majengo zina watu waliofanya kazi Ghuba, na zawadi walizoleta bado zimo ndani ya maboksi. Ukimwendea bibi mwenye nyumba, mpe shikamoo yake, jieleze wewe ni mtoto wa nani, kisha useme wazi unachotafuta na kwa nini. Atakujibu, "Marahaba mwanangu, kidude kiko juu ya kabati, ila waya wake sijui uko wapi." Mwombe kwa adabu autafute huo waya, hata kama ni kurudi siku nyingine, kwa sababu adapta asilia ina thamani kuliko inavyodhaniwa, kama nitakavyoeleza. Mwambie pia bei ya haki. Mji huu ni mdogo, na mkusanyaji aliyemdanganya mzee mmoja hufungiwa milango mingi.

Popote unaponunua, omba mashine iwashwe mbele yako. Beba waya wa AV, ule wa kupeleka picha na sauti kwenye televisheni, kaseti au diski unayojua kuwa ni nzima, na tochi ya simu ya kumulikia tundu la kaseti. Pini zenye rangi ya dhahabu au fedha ni salama; zenye ukungu wa kijani zimeliwa na chumvi, na bei lazima ishuke. Diski zitambue kwa tumbo lake: asilia za PlayStation ya kwanza ni nyeusi chini, na za PlayStation 2 ni za buluu zikiwa CD au za fedha zikiwa DVD. Gemu ya PlayStation ya kwanza yenye tumbo la fedha ni nakala, na mashine ambayo haijatiwa chipu ya kukubali nakala haitaikubali.

Umeme

Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120. Kichwa cha plagi kinachouzwa madukani hubadilisha umbo la meno tu, hakipunguzi volti, na mtu anayechomeka PlayStation 2 nene ya Kimarekani ukutani kwa kutumia kichwa hicho anaweza kuunguza pawa yake papo hapo. Geuza mashine usome maandishi ya nyuma. Ikiwa imeandikwa 120V au 100V peke yake, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kichwa cha plagi kinatosha. PlayStation 2 nyembamba za mwanzo, zilizoanza kutoka mwaka 2004, hutumia adapta ya nje, kwa hiyo ile adapta ndiyo ya kusomwa.

Adapta za nje ndizo zinazoua mashine nyingi zaidi, kwa sababu tundu huweza kulingana ilhali umeme unatofautiana. Famicom asilia hutaka volti 10 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja) zenye hasi katikati ya plagi, na NES hutaka volti 9 za AC (umeme unaogeukageuka, kama wa ukutani). Adapta ya NES huingia vizuri kabisa kwenye Famicom na kuichoma. Kabla ya kuchomeka adapta yoyote isiyokuwa ya mashine yenyewe, hakikisha mambo manne: kama ni AC au DC, volti ni ngapi, hasi iko ndani au nje, na ampea hazipungui zile zinazotakiwa. Ampea zikizidi hakuna neno, kwa kuwa mashine huvuta kiasi inachohitaji; volti zikizidi, mashine imekwenda. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu, na usirudishe mpaka urudi na kutulia dakika kadhaa, maana ule mshtuko wa kurudi ndio unaopasua vifaa. Kifaa cha kulinda televisheni, kile kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuupitisha, ni bei ndogo kulinganisha na kazi yake.

Televisheni

Gemu zilizotoka kabla ya mwaka 2000 zilichorwa kwa ajili ya televisheni nzito za kichogo, na juu ya hizo ndipo zinapopendeza. Televisheni bapa nyingi huipokea picha ya mashine hizo kana kwamba ni ya matangazo ya kawaida, huichakata, kisha huionyesha kwa kuchelewa kidogo, na katika gemu ya kuruka au ya ngumi ucheleweshaji huo unatosha kukuua. Vibadilishi vya bei rahisi vya kupeleka picha ya AV kwenye HDMI mara nyingi huongeza tatizo. Ukilazimika kutumia televisheni bapa, tafuta ndani ya menyu yake mpangilio wa gemu, ambao hupunguza uchakataji. Ikiwa una bunduki ya kulengea, usihangaike na televisheni bapa hata kidogo: bunduki hizo hutegemea jinsi mwanga unavyochorwa kwenye kioo cha kichogo, na pasipo kioo hicho hazioni shabaha.

Siku hizi watu hutoa televisheni za kichogo karibu bure, hasa baada ya nchi kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015. Chukua yenye tundu za AV mbele au nyuma, na ukiweza chagua inayopokea mifumo yote ya rangi. Kenya ilitumia mfumo wa PAL, na mashine za Japani na Marekani hutoa NTSC. Picha ikitokea nyeusi na nyeupe, mashine ni nzima na televisheni ndiyo isiyojua NTSC. Televisheni zilizonunuliwa Ghuba mara nyingi hukubali mifumo yote miwili. Jambo moja nalisisitiza: usifungue televisheni ya kichogo wewe mwenyewe, kwani bomba lake huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa.

Mfumo wa rangi unagusa pia mwendo wa gemu. Televisheni za NTSC huchora picha 60 kwa sekunde, na za PAL huchora 50, na watengenezaji wengi hawakurekebisha gemu zao walipozileta upande wa PAL. Matokeo yake Sonic the Hedgehog ya 1991, gemu iliyojengwa juu ya kasi, hukimbia polepole kwa karibu asilimia 17 kwenye Mega Drive ya Ulaya, muziki wake ukiburuta vilevile. Ukiwa na nafasi ya kuchagua gemu za enzi ya kaseti, chagua toleo la NTSC pamoja na mashine yake.

Chumvi, unyevu na wadudu

Kusi linapovuma na mvua za mwezi wa tano kunyesha, kila kitu cha chuma karibu na bahari huanza kufa. Hifadhi kaseti na diski katika maboksi ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana, pamoja na pakiti za kukausha unyevu zinazokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, na uzibadilishe zikishalowa. Usiweke mkusanyiko dirishani: jua hugeuza plastiki ya kijivu kuwa ya manjano, na upepo huleta chumvi. Mende nao hupenda joto la pawa, kwa hiyo mashine isiyotumika ifunikwe kwa kitambaa safi.

Kaseti ikikataa kuwaka, usiipulize. Sote tulipuliza utotoni, na kilichosaidia kilikuwa kule kuichomoa na kuirudisha; mate yaliyobaki kwenye pini yaliongeza kutu. Tumia kijiti cha pamba kilicholowa kidogo alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua pini, kausha, kisha jaribu tena. Spiriti ya duka la dawa isomwe lebo kwanza, kwani aina nyingine huwa na mafuta yanayobaki juu ya chuma. Msasa usitumike kamwe, hata fundi akikuhakikishia: huondoa ile rangi ya dhahabu, na chini yake kutu huingia upesi zaidi.

Kaseti zinazohifadhi mchezo huwa na betri ndogo ya volti 3 ndani, aghalabu CR2032 au CR2025, na nyingi za miaka ya 1990 sasa zimeisha au ziko njiani. Kuzifungua mara nyingi kunahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Nunua betri zenye masikio ya chuma yaliyokwisha kuunganishwa, kwa sababu kuchomelea moja kwa moja juu ya betri huweza kuipasua, na ujue kwamba mchezo uliohifadhiwa utapotea betri ikitolewa.

PlayStation isiyosoma diski isafishwe lenzi kwanza kwa kijiti hichohicho. Mafundi wengine hukimbilia kuongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha skrubu ndogo. Mashine hufufuka, lakini maisha ya leza hufupishwa. Kataa mpaka njia nyingine zote zimeshindikana. PlayStation za mwanzo kabisa zilikuwa na reli ya plastiki iliyochakaa na kupinda kwa joto, na ndiyo maana wenyewe walizicheza zikiwa zimepinduliwa. Katika joto letu, mashine yoyote ya diski iwe juu ya meza ngumu, matundu ya hewa yakiwa wazi, mbali na zulia.

Mwisho ni kadi za kumbukumbu. Kadi ya PlayStation ya kwanza hubeba kilobaiti 128 zilizogawanywa katika nafasi 15, na ya PlayStation 2 hubeba megabaiti 8. Gemu ya PlayStation ya kwanza, hata ikichezwa ndani ya PlayStation 2, huhifadhi kwenye kadi ya PlayStation ya kwanza tu, kwa hiyo kuwa na kadi zote mbili. Kadi bandia zipo nyingi sokoni. Ipime kwa kuhifadhi mchezo mfupi, kuzima, kuchomoa, na kufungua tena siku inayofuata, kabla hujaikabidhi ligi uliyoicheza na nduguzo msimu mzima.