Kabla hujashika mpini wa aisoleta ya 33 kV (volti 33,000)

Kijana akiletwa kwangu kituo cha umeme kujifunza, kwanza namwonyesha kisu cha aisoleta, swichi ya kutenga laini, ninachokiweka dirishani. Ncha imeyeyuka kama mshumaa, ubavuni zimegandia shanga za shaba. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Pale haikuchukua hata dakika moja, na aliyeshika mpini ni mimi.

Kwanza lugha. Kwetu "kufungua" ni kukata umeme na "kufunga" ni kuuunganisha, si kama bomba la maji. Ukichanganya hapo, rudi nyumbani.

Breka, swichi kubwa ya kukatia, ndiyo inayokata mzigo, yaani umeme unaotembea. Umeme wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde. Breka huvizia sifuri hiyo na kuuzima moto ndani ya gesi au ombwe. Aisoleta haina cha kuzimia. Ni visu hewani tu, kazi yake ni uone pengo kwa macho. Ukiitenganisha ikiwa na mzigo, hewa ya katikati hupata joto kali na kugeuka njia ya umeme. Huo ndio moto tunaouita aki.

Basi fungua breka kwanza, na taa ya kijani ya kusema imefunguka usiiamini peke yake. Soma ampia za fezi zote tatu, yaani nyaya tatu za laini. Siku ile nilisoma moja, ikawa sifuri, nikavuta. Fezi ya katikati breka haikuwa imeachia. Moto ulinguruma, ukapanda juu, upepo ukaulaza kuelekea fezi ya jirani, mpaka breka ya juu yetu, upande umeme unakotoka, ilipokata.

Vaa glavu na kinga ya uso, usisimame chini ya visu. Anza kuvuta taratibu huku unatazama. Cheche nyembamba inayokatika yenyewe ni kawaida, ni umeme mdogo wa kuchaji laini. Ikiwa nene na inanguruma, na visu ndiyo kwanza vinaachana, rudisha hapo hapo kwa nguvu. Vikishafunguka kabisa usirudishe. Omba ikatwe kutoka juu. Wakati wa kufunga nenda haraka hadi mwisho, na hata ukigundua umekosea, usivute tena.

Ikifunguka salama, piga kufuli. Pima kwa fimbo ya kupimia umeme, ndipo ufunge arthi, waya wa kwenda ardhini. Pima fezi zote tatu, ya katikati mara mbili. Hiyo mara ya pili haimo kwenye kanuni za kituo, ni yangu.