Somo: Unaenda shamba wiki tatu? Usiiache betri ya baiskeli ya umeme imejaa

Msimu wa korosho ukianza, wengi wetu hapa Mtwara tunafunga nyumba na kuelekea Tandahimba, Newala au Masasi. Wiki tatu, wengine miezi miwili. Baiskeli ya umeme inabaki nyumbani, na karibu kila mtu hufanya kosa nililofanya mimi mwaka wa kwanza: niliichaji betri mpaka taa ya chaja ikawa kijani, nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikaondoka nimetulia kabisa. Niliporudi baada ya wiki tano niliikuta betri imevimba kama andazi, gamba la nje limepasuka pembeni. Ilikuwa haijamaliza hata mwaka. Iliniuma sana, maana barabarani niliitunza vizuri. Iliharibika ikiwa imekaa tu.

Kwa hiyo somo hili linahusu kukaa. Fuateni hatua kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Ijue betri yako

Ninayoizungumzia ni lithiamu polima, ile ambayo seli zake ni vifuko bapa, laini, vya rangi ya fedha, vimebanana kama madaftari. Kama yako ina seli ngumu za duara mfano wa betri za tochi, na kila moja imeandikwa 3.6V au 3.7V, hesabu zangu zinaifaa pia. Lakini kama imeandikwa LFP au LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti, aina nyingine kabisa), simama hapo. Hiyo seli yake inajaa kwa volti 3.65, na chaja zake na hizi zetu zisibadilishane kamwe.

Seli moja ya polima inajaa kwa volti 4.2. Haitakiwi kushuka chini ya 3.0, mimi nikifika 3.5 nashuka kwenye baiskeli na kusukuma. Volti ya kupumzikia ni 3.8, yaani karibu nusu ya chaji. Zidisha 3.8 kwa idadi ya seli zilizofuatana, yaani zilizoungwa chanya ya moja kwa hasi ya nyingine: betri ya 36V ina seli 10, inapumzika kwenye volti 38. Ya 44.4V ina seli 12, inapumzika kwenye 45.6. Ya 48V huwa na seli 13, hiyo ni 49.4. Ya 52V ina 14, hiyo ni 53.2. Iandike namba yako kwa kalamu isiyofutika juu ya betri yenyewe.

Hatua ya 2: Ishushe au ipandishe mpaka ifike hapo

Watu hunibishia hapa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo naeleza sababu.

Seli ikiwa imejaa, upande wake wa chanya unaichoma polepole ile kemikali ya majimaji iliyomo ndani. Gesi hutoka, na kwa kuwa kifuko kimezibwa, gesi haina pa kwenda. Ndiyo uvimbe mnaouona. Joto linaiharakisha kazi hiyo, na joto sisi tunalo. Seli iliyojaa, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, mwezi wa Novemba: hapo umekusanya kila inachokichukia.

Upande wa hasi ni kinywe, madini yaleyale yaliyomo kwenye ardhi ya Ruangwa, yamepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. (Kila nikifungua betri iliyokufa huwa nalifikiria hilo.) Volti ikishuka mno, shaba ile huanza kuyeyuka. Ukija kuichaji tena, shaba inaganda mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kugusana hata siku moja. Seli ya namna hiyo inaweza kuwaka moto ikiwa kwenye chaja, mbele ya macho yako.

Kuishusha ni rahisi: endesha. Kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani na kurudi ni kama kilomita 20, kwa betri nyingi hiyo inatosha kukufikisha karibu. Pima kwa mita ya volti, ile wanayotumia mafundi redio, wala usitegemee vistari vya kwenye kioo cha baiskeli. Subiri nusu saa baada ya kuendesha ndipo upime, kwa sababu volti hupanda kidogo ikitulia. Kama iko chini, ichaji huku ukiipima, uchomoe ikifika. Wenye chaja ya kusawazisha seli (inayozifikisha zote kwenye volti moja) watakuta ina mpangilio wa kuhifadhi, watumie huo.

Hatua ya 3: Itoe kwenye baiskeli

Kontrola (kile kifaa kinachoongoza mota), kioo, hata ile bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, vyote vinanyonya umeme kidogo kidogo hata kama umezima swichi. Kwa siku mbili huoni kitu. Kwa miezi miwili betri inakauka. Chomoa, kisha funga ncha za plagi kwa utepe wa umeme ili zisigusane na chuma.

Angalia plagi zenyewe. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na ukungu wa kijani kwenye shaba ni jambo la kila siku. Sugua kwa kitambaa kikavu. Plagi iliyoliwa hupata moto wakati wa kuchaji.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Sakafu ya saruji, chumba chenye kivuli, mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Waliobahatika kuishi kwenye zile nyumba za mawe za Mikindani zenye kuta nene, chumba cha ndani kabisa ndicho kizuri. Isikae uvunguni mwa kitanda. Isikae jikoni karibu na mkaa au mtungi wa gesi. Na isikae mlangoni, kwa sababu ikiwaka mtatokea wapi?

Mimi naiweka ndani ya chungu kikubwa cha udongo kilichowekwa mchanga mkavu chini na pembeni, na juu nafunika kigae bila kukaza. Usitumie ndoo ya plastiki. Wala sanduku la kuzibwa kabisa usitumie, gesi ikitoka lazima ipate njia. Mchanga wa ufukweni una chumvi na unyevu, chukua wa mtoni na uanike kwanza.

Hatua ya 5: Ikague kila mwezi

Volti ya jumla, halafu ya seli moja moja kama betri yako ina waya wa kusawazisha. Andika kwenye daftari. Tofauti kati ya seli ikizidi volti 0.1, mpelekee fundi kabla ya kuitumia. Ukiwa shamba, mwachie mtu nyumbani mita na namba. Mdogo wangu alijifunza kwa dakika tano.

Hatua ya 6: Kuiamsha

Ichaji siku unayotaka kuitumia, ukiwa macho, ikiwa imepoa, kwenye saruji. Kama ni ya vifuko na ukubwa wake ni Ah 10 (ampea-saa), chaja isizidi ampea 10. Mimi natumia 4. Umeme ukikatika, chomoa chaja, uirudishe baada ya umeme kutulia.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Newala: Fundi, kama joto ndilo adui, niiweke kwenye friji?

Usiiweke, kaka. Ukiitoa, jasho la maji linatanda kwenye plagi na kwenye bodi. Nyie mko juu ya uwanda, kwenu kuna baridi kuliko kwetu. Chumba chenye kivuli kinatosha.

Kutoka Nachingwea: Yangu ya seli 12 niliisahau miezi minne. Inasoma volti 28, chaja inaikataa. Fundi mmoja amesema tuishtue kwa chaja ya betri ya gari. Nikubali?

Kataa, ndugu yangu. 28 gawa kwa 12 ni 2.3 kwa seli. Kumbuka ile shaba. Chaja imekataa kwa sababu nzuri, na chaja ya betri ya gari haijui hata inachaji kitu gani. Najua bei ya betri mpya, lakini hiyo imekwisha. Iweke nje kwenye mchanga, mbali na nyumba, wala usiitupe jalalani ambako taka huchomwa.

Kutoka Masasi: Yangu imevimba kidogo tu, bado inakwenda vizuri. Niitoboe gesi itoke?

Usiitoboe! Hewa na unyevu vikiingia inaweza kuwaka mkononi mwako. Acha kuitumia leo, hata kama bado ina nguvu. Ikianza kutoa moshi, usiuvute, una sumu. Toeni watu kwanza, kisha piga 114 mwite zimamoto.

Kutoka Lindi mjini: Shikamoo fundi. Sisi tumepanga chumba kimoja, mimi, mume wangu na watoto wawili. Baiskeli ndiyo ya kusambazia vitafunwa vyangu. Hapo nafanyaje?

Marahaba dada. Swali lako limenigusa, maana wengi wako hivyo na wanaona aibu kuuliza. Usiichaji usiku mkiwa mmelala, hata mara moja. Ukirudi kutoka kusambaza, iache ipoe, uichaji uani mchana kwenye kivuli ukiwa unapika au unafua, umbali wa kuiona. Kwa safari fupi ishie volti 4.1 kwa seli badala ya 4.2, itaishi zaidi. Usiku iwe ndani ya chungu chenye mchanga, kwenye kona iliyo mbali na mlango na mbali na magodoro na mapazia. Na zungumza na mwenye nyumba: kama kuna stoo au kibaraza chenye kufuli, mwombe ruhusa ya kuweka chungu hapo. Akikataa niandikie, tutafute jirani mwenye nafasi.