Kabla ya kuruka Wilson mchana wa jua kali

Mnaorusha ndege ndogo wikendi kutoka Wilson, Nairobi, tafadhali liangalieni joto. Uwanja ule uko takribani futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Nyuzi 27 zikifika, hewa huwa nyepesi kama ile ya futi 8,000 na zaidi. Injini inapungukiwa nguvu, rafadha (propela) haishiki hewa vizuri, na ndege inakula njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Cessna 172 iliyopaa Malindi na watu wanne inaweza kuhangaika hapa kwa mzigo uleule.

Hatari kubwa ni kuvuta usukani mapema. Kipimamwendo kinasoma vilevile kama pwani, ila ardhi inapita kasi zaidi, na jicho linakudanganya kwamba mwendo umetosha. Ndege inainuka kidogo, inakataa kupanda, na uzio uko mbele.

Kwa hiyo piga hesabu kwa majedwali ya kitabu cha ndege yako, kisha chagua alama katikati ya njia ya kurukia. Ukifika pale hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia (kama ni noti 55, yaani maili 55 za baharini kwa saa, basi 38 hivi), ondoa nguvu, funga breki. Uamuzi huo ufanye ukiwa bado umesimama.

Na kile kifundo chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa usikisukume hadi mwisho kwa mazoea ya pwani. Mafuta yakiwa mengi mno kwa hewa iliyopo, unapoteza nguvu nyingine tena. Mizigo ikiwa mingi, ondoka asubuhi au punguza abiria.